Udongo Ulioshiba

Vitambaa vinane vilitoka ardhini vizima. Cha nne na cha tisa vilitoka nyuzi tupu.

"Miaka yote ile darasani, kumbe ulikuwa unajifunza kuzika matambara!" mama alimtania kutoka mlango wa jikoni.

Binti hakucheka. Kwenye kituo cha kilimo alikofanya kazi ndivyo walivyopima udongo: unafukia vipande kumi vya pamba, vyote sawa, na baada ya wiki tatu unavifukua. Vijidudu vya udongoni hula pamba, ila udongo ukiwa fukara hata kutafuna haviwezi. Palipooza kitu, vinakivunjavunja, udongo unashiba, mimea nayo inapata riziki yake. Hapo pamba haidumu. La kuvunda halina ubani.

Shamba lile lilikuwa na njaa. Mahindi yalikuwa manjano kotekote, isipokuwa nyuma ya jikoni, kwenye kitambaa cha nne. Hapo yalikuwa kijani kibichi, yamempita kimo. Na hapo ndipo mama alipokataza mtu yeyote kugusa; kitambaa chenyewe binti alikipenyeza pembeni kwa siri. Cha tisa kilikuwa kule uzioni, kwenye magugu, na magugu hustawi popote.

Aliaga kazini kwamba anakwenda kutazama mahindi ya mama. Ukweli, alikuja kumtafuta kaka yake. Mwaka wa nne sasa. Baba alisema kijana aliondoka alfajiri, kwa hasira, bila kuaga. Tangu hapo hakuna simu wala salamu.

Alingoja baba aende kunyolewa, akachukua jembe. Alikuwa anamwogopa mama yake mzazi, na alijionea haya.

"Acha!" mama akapiga kelele, akija mbio na mwiko mkononi. "Nakuomba mwanangu, usichimbe hapo!"

Jembe lilikuwa limeshazama. Likaibuka na wali uliooza, maganda ya maharage, kisha mfupa. Akauokota, akaugeuza. Paja la kuku.

Mama akaketi chini kwenye udongo.

"Ni sahani yake," alisema. "Kila mchana nampakulia. Asipotokea, nafukia. Nitampaje mbwa riziki ya mwanangu? Baba yako hajui. Angesema nimerukwa na akili."

Binti akatupa jembe, akamkumbatia. Walilia, halafu wakaanza kucheka wakiwa bado wanalia. Miezi mingapi amelala na shaka ile kifuani! Kumbe kaka yuko mahali, amenuna tu, kama alivyokuwa akinuna utotoni. Siku moja njaa itamrudisha.

Alilifukia shimo mwenyewe, taratibu, akalishindilia kwa kiganja.

"Udongo wako umeshiba kuliko sisi, mama," alisema, akijipangusa machozi. "Lakini na kule uzioni? Umri huu, unabeba sahani mbali kote kule?"

"Uzioni?" Mama alishangaa. "Kule sijapeleka hata punje. Kule baba yako alichimba shimo la choo, akalifukia siku ileile. Alisema kazi ile haiwezi peke yake, maana kaka yako ndiyo kwanza ameondoka."