Mbegu Tatu za Msonobari

Shomari alilitoa kopo la siagi kwenye friji kwa mara ya nne tangu asubuhi. Ndani yake, katika mchanga wenye unyevu, zilikuwamo mbegu tatu za msonobari wa njia panda, ule uliokatwa kupisha barabara. Nyingine hazikuwapo popote. Zilitakiwa zilale kwenye baridi miezi mitatu ndipo azipande, kisha ailee miche yake kwenye vyungu vidogo, akiipogoa isizidi urefu wa shubiri hata ikizeeka. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tu.

"Utaziua kwa kuzichungulia," alisema mkewe, Siwema, akichambua mchele. "Hata kuku anayeatamia huachwa, Baba Tausi."

"Kuku anajua kama yai lake ni zima. Mimi sijui."

"Basi subiri, utajua."

Alijaribu. Akazunguka meza, akakaa, akasimama tena. Mwishowe alichukua wembe, akaiweka mbegu moja juu ya kibao cha kukatia vitunguu, akaipasua katikati.

Ndani ilikuwa nyeupe pe, imejaa, na kiini chake kimeanza kuingia ukijani.

"Nzima?" aliuliza Siwema.

"Ilikuwa nzima."

Siwema aliacha kuchambua. Alilifunika kopo, akalirudisha kwenye friji, akasimama ameuegemea mlango wake. Shomari alibaki na vile vipande viwili vidoleni, akivibana pamoja taratibu, mpaka alama ya wembe ikawa haionekani.