Ng'ombe Ndani ya Sambusa

Mashine ilikuwa imemaliza kazi kwa mara ya tatu, na bado haikuona ng'ombe.

Béatrice, fundi wa maabara ndogo ya Kamembe, alitoka na tabasamu kumpasha habari Mwavita. Wateja walikuwa wameshtaki sambusa za mama huyu, na zikipatikana na kosa, meza yake sokoni ingefungwa. Mkaguzi Munyaneza alizileta ndani ya mfuko na kumpa fundi agizo moja tu: atafute DNA ya ng'ombe. Béatrice hakuuliza zaidi. Aliwaza ni yale yale, ng'ombe kuuzwa kwa jina la mbuzi.

"Maman, furahi. Hatuone ng'ombe hata kidogo."

"Rudilia!" Mwavita alisema, amekunja uso. "Hii mashini yenu iko kipofu. Tafuta muzuri!"

Béatrice hakuwahi kuona mshtakiwa anayegombana na jibu linalomtetea. Alimhurumia. Mama wa watu, uaminifu umemzidi.

Basi akarudia, safari hii kwa ufundi wake wote. Alisaga sambusa kumi badala ya moja. Aliondoa mafuta na pilipili, kwa kuwa huizuia mashine isione. Na kwa vile moto wa kukaangia huikatakata DNA, alitafuta kipande kifupi kuliko vyote alivyojaribu. Pembeni akapima na maji matupu, asije akajidanganya.

Mwavita alisubiri kwenye benchi akivuta tasbihi. Aliogopa kweli, meza ile ilikuwa imelisha nyumba yake miaka kumi na miwili. Munyaneza alikaa mkabala naye, kalamu mkononi, mtu aliyeridhika kabisa.

Saa tisa alasiri mstari mwembamba ukapanda kwenye kioo cha mashine. Maji yalikuwa safi. Béatrice alitoka akijikokota.

"Pole, Maman. Tumemupata. Kidogo sana, kidogo kabisa, lakini ni ng'ombe."

Munyaneza akarudisha kalamu mfukoni, amenuna. Mwavita akaruka na kupiga vigelegele mpaka watu wa duka la jirani wakachungulia.

"Munaona sasa!" alimfokea mkaguzi. "Bale batu banasema eti sambusa zangu za nyama ni kitunguu tupu, bakuje basome!"