Binti wa Kwenye Ngazi

Ukumbi mzima wa sinema ulishtuka kwa pamoja, na Gwilym, ambaye macho yake yalizima ukubwani, akamwinamia mkewe.

"Vipi? Yuko wapi huyo binti?"

"Tulia basi, mzee wewe. Ndiyo kwanza anapanda ngazi."

Kila Jumatano mchana ukumbi ule wa Cardiff ulionyesha filamu za zamani za kutia roho juu, na mkewe alimnong'oneza sikioni kila kivuli na kila kisu. Mabinti wa filamu hizo walipona wote. Gwilym alizipenda kwa hilo.

Lakini wiki hii aliletewa riwaya iliyoandikwa kutokana na filamu hii, ikiwa katika nukta nundu, akaisoma kwa vidole hadi mwisho. Alijua kwamba binti anauawa pale pale kwenye ngazi.

Ukelele ukapigwa, kisha muziki ukakatika.

"Haya, kafika mlangoni," mkewe akanong'ona. "Kafungua. Katoka salama salimini."

Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Gwilym, umelowa jasho, kidole gumba kikimpapasa kama mtu anayebembeleza mtoto. Gwilym akawafikiria mabinti wote wa miaka yote ile, na huyu hapa ubavuni mwake aliyewaokoa.

"Na muuaji je?"

"Kateleza. Kaanguka huko chini."

Safu ya nyuma, mwanamke mmoja alikuwa akilia.

"Nilijua tu angepona," Gwilym akasema, akaegemea kiti.