Alama ya Tairi Ukingoni

Alama ya tairi ilikwenda mpaka ukingoni kabisa mwa barabara, ikamega theluji iliyoning'inia juu ya bonde, kisha ikarudi katikati. Hatua ishirini mbele ikafanya vile vile.

"Ndiyo hiyo niliyokuitia," alisema Tundup, fundi wa msafara wa pikipiki, ambaye kazi yake ni kuendesha nyuma ya wote. "Nimeanza kuiona tangu kona ya tatu. Kuna mtu wetu anayumba kama katoka kwenye pombe ya shayiri."

Rigzin, kiongozi wao, alikuwa amesimamisha msafara na kurudi nyuma kwa miguu. Alichuchumaa, akaitazama ile alama. Mwaka juzi, kwenye njia hii hii ya kuvukia mlima wa Chang La, mgeni mmoja alificha maumivu ya kichwa siku mbili nzima kwa kuogopa kurudishwa mjini Leh. Ugonjwa wa mwinuko, ule wa hewa haba ya milimani, ukampanda ubongoni, akafia mikononi mwa Rigzin kabla hawajafika bondeni. Mpaka leo mama yake humpigia Rigzin simu, halafu hasemi kitu.

Na leo gari la msaada lilikuwa limekwama huko chini, nyuma ya malori ya jeshi. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja tu, umefungwa kwenye pikipiki ya Tundup. Theluji ilizidi kuanguka.

"Zimeni injini!" alipaza sauti. "Shukeni wote!"

Akahesabu kofia za wageni: nane. Akahesabu tena: saba. Saba ndiyo idadi yao. Alikasirika, watu hawa hawatulii mahali pamoja.

Macho yake yakatua kwa Mzee Kulkarni, mstaafu wa reli kutoka Pune, miaka sitini na mitatu, aliyepangwa wa pili kwenye mstari, mgongoni mwa kiongozi, kwa sababu ya mwendo wake wa kobe.

"Mzee, kichwa kinauma?"

"Kinauma kwa kelele zako."

"Zile siku mbili za kuzoea hewa ya Leh ulipumzika kweli, au ulikuwa unazurura sokoni?"

"Nililala mpaka mbavu zikaniuma, kama ulivyotuamuru kwenye simu. Wewe ndiye hatukukuona ukilala. Jana asubuhi unashuka kwenye ndege ya kutoka Goa, mchanga wa pwani bado uko kwenye viatu, mchana unakagua breki!"

Wengine wakacheka. Rigzin hakucheka. "Mimi nimezaliwa huku, mzee. Nimekuzwa kwa siagi ya yaki, ng'ombe wa huku."

Akatoa kibanio cha kupimia oksijeni, akambana kila mgeni kidole. Themanini na tatu. Themanini na sita. Mzee Kulkarni, themanini na moja. Kwa mlima ule, hakuna mgonjwa hapo. Akakitikisa kile kidude, akaanza upya na mtu wa kwanza. Yakaja yale yale.

Akanyoosha kamba juu ya theluji, akawaamuru watembee juu yake, kisigino kikigusa ncha ya kiatu cha nyuma. Wakapita mmoja mmoja. Hata Kulkarni alipita, mikono kiunoni, kama bwana harusi.

"Basi mmoja wenu ananidanganya!" Glavu ilimponyoka Rigzin. Akainama kuiokota, akaikosa, akainama tena, kisha akaipiga teke. "Sitamgombeza mtu, naapa. Nitambeba mgongoni mimi mwenyewe. Semeni tu! Mficha maradhi, kifo humuumbua!"

Walimtazama, halafu wakatazamana.

Machozi yakamtoka mbele ya wageni, jambo ambalo halijawahi kumtokea katika miaka kumi na moja ya kazi, na wala hakuona haya. Aliogopa. Kabla ya kona kumi mmoja wa watu hawa angekuwa chini ya lile bonde, na yeye hakujua hata amshike nani mkono.

"Ni nani?" aliuliza, na sasa alikuwa anaomba. "Jamani, niambieni ni nani."

Tundup akamsogelea taratibu, akamshika kiwiko. Alikuwa fundi tangu enzi za baba yake Rigzin, na hakuwahi kumwita kijana huyu bosi.

"Mdogo wangu," alisema, "tuachane na vidole na kamba. Alama ipo. Twende nayo mpaka kwa mwenyewe."

Wakaifuata. Kwenye theluji mpya ilionekana wazi, maana kila mara ilijitenga na zile nyingine: ukingoni, katikati, ukingoni. Ikaipita pikipiki ya Tundup. Ikazipita mbili, nne, sita za wageni. Rigzin alitembea akiwa amemng'ang'ania Tundup, kwa kuwa barabara ilikuwa inainama upande mmoja.

Walipoikaribia pikipiki ya Kulkarni, Rigzin aliongeza mwendo. Alijua. Alijua tangu mwanzo kwamba ni huyu mzee, na vipimo vyote vilikuwa uongo mtupu.

Lakini alama haikusimama hapo. Ikaipita pikipiki ya Kulkarni, ikapepesuka mara moja ya mwisho kuelekea bondeni, ikaishia chini ya gurudumu la pikipiki iliyotangulia zote, yenye bendera za sala alizofungiwa Rigzin na mama yake asubuhi ile.

Nyuma yake, Mzee Kulkarni alikuwa tayari anafungua mtungi wa oksijeni aliokuja nao kutoka kwenye pikipiki ya Tundup.