Hewa ya Kobe

"Hewa inaisha." Ujumbe wa Kobe ulitokea kwa mara ya tatu, na Fundi akasukuma kishikio hadi mwisho. Chombo chake kilipenya kati ya mwezi wa kwanza na wa pili wa sayari ya kijivu. Kiwiko chake halisi kikagonga cherehani.

Ilikuwa saa nane mchana. Alikuwa amevaa miwani mizito ya mchezo wa kurusha vyombo vya anga, pasi ingali ya moto, na gauni la mteja halijakunjwa pindo. Mteja mwenyewe alikuwa mlangoni. Alikwisha kubisha, akaita, akauliza kama fundi amekuwa kiziwi siku hizi. Fundi alimwomba dakika kumi bila kugeuza kichwa, maana kichwa kilikuwa angani.

"Dakika kumi za mafundi nazijua mimi," mteja alisema, akavuta kigoda.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Katika mchezo huo, rubani akiishiwa hewa chombo chake hupotea na jina lake hufutwa. Hurudi na jina jipya, pembe nyingine ya anga, kati ya marubani laki na ushee. Na Fundi hakuwa na kitu kingine cha kumtafutia Kobe ila jina hilo. Walikuwa katika kikundi cha waokoaji, wale wanaokwenda kuwajazia hewa na mafuta waliokwama, na kikundi kilikuwa na sheria moja: ya duniani yabaki duniani. Humuulizi mtu umri, kazi, wala maskani. Anayeuliza hutolewa.

Kobe aliitwa hivyo kwa mwendo wake. Hakuwahi kutamka neno. Kipaza sauti chake kilikuwa wazi siku zote, lakini kilileta mvumo wa feni tu, ukipanda na kushuka kwa kipimo kilekile. Yeye alizungumza kwa zile sentensi kumi na mbili za mchezo, ambazo mtu huzichagua kwa kuzikazia macho: Ndiyo. Hapana. Asante. Njoo. Fundi alikwisha kuamua kwamba ni mtu wa haya, tena hana mke, kwa sababu hakuna mke anayemwacha mume angani kutwa nzima bila kumwita kula. Alipomwambia hivyo, Kobe alijibu Asante, na Fundi akacheka mpaka miwani ikamvuka.

Lakini mwaka huu mama yake Fundi alipofariki, ndugu wakatawanyika na nyumba ikabaki na yeye na cherehani, ni Kobe aliyekuja kuegesha chombo ubavuni mwake kila jioni, mwezi mzima, bila sentensi hata moja. Fundi alimpenda kwa hilo. Hakuwa tayari kuzika mara mbili mwaka mmoja.

"Kobe, nisikilize," alisema. "Tulia hapo hapo kwenye kiti. Usihangaike, hewa itakaa zaidi. Na usivue miwani hata kidogo." Ndivyo waokoaji wanavyofundishwa, kwa kuwa anayevua miwani huhesabiwa kuwa amekitelekeza chombo.

Kobe alijibu: Niko nyumbani.

Fundi akaguna. Sentensi hiyo ni ya rubani aliyekwisha kutua kituoni kwake, na ramani ilimwonyesha Kobe nyuma ya mwezi wa nne, mbali na kituo chochote. Hofu imemtelezesha macho, alijiambia. Hata yeye, mara ya kwanza kukwama, alituma Asante mara sita.

Niko nyumbani. Hewa inaisha. Njoo.

"Nakuja, ndugu yangu." Machozi yalianza kutia ukungu ndani ya miwani. Ndipo alipogundua kuna ukimya. "Leo feni yako siisikii. Umeme umekatika kwenu?"

Ndiyo.

"Usijali. Miwani ina betri, haitazimika."

Hapana. Hapana.

Betri nayo inakwisha, Fundi alielewa. Akakata njia kupitia ukanda wa mawe, jambo ambalo yeye mwenyewe huwakemea wageni wakilifanya. Jiwe la kwanza lilichukua bawa. La pili lilipasua tangi la akiba, na king'ora kikaanza kulia masikioni mwake. Alikuwa analia na yeye, waziwazi, na hakujali nani anamwona.

Mteja alishtuka, akauliza nani anakufa.

"Rafiki yangu."

"Humo kwenye mchezo?"

"Humo."

Mteja alisonya. Akachukua gauni lake lisilo na pindo, akasema mafundi hawajaisha mjini, akatoka. Fundi hakumzuia.

Chombo cha Kobe kilikuwa kinaelea nyuma ya mwezi wa nne, taa zote zikiwaka. Fundi aliita. Hakuna sentensi iliyotokea. Aliita tena, akimwambia amefika, avumilie kidogo tu, huku mikono yake ikipapasa hewani juu ya cherehani ikitafuta mpira wa kujazia. Aliuchomeka. Pampu ikakataa. Akauchomoa, akaufuta kwa mazoea ya fundi, akauchomeka upya, na pampu ikakataa tena.

Akafungua ubao wa vipimo vya Kobe kuona kilichoharibika. Injini, nzima. Mafuta, yamejaa. Hewa, mia kwa mia.

Ule mvumo haukuwa wa feni; ndio uliokuwa ukimpumulia. "Kobe," alisema. "Kobe, unakaa wapi?"