Rangi ya Kuku

"Mkaguzi kashuka garini!" jirani alinong'ona dirishani. "Shoga, kuku vipi?"

Mwenye nyumba alishtuka, brashi ikamdondoka kwenye bakuli la sosi. Mikono ilimtetemeka kama ya mwizi.

Mkaguzi ndilo jina walilompa wao wawili. Kila Jumapili alikuja, akafungua friji, akavuta droo, akanusanusa kila pembe kama paka aliyeibiwa samaki. Jumapili iliyopita aliupapasa ukuta wa jikoni, pale palipopakwa rangi upya kufunika masizi ya moto, akasema, "Kosa moja tu tena, nakuhamisha."

Kuhama! Aiache sebule isiyokosa watu, umbea wa ngazini, na shoga wa dirishani? Bora azikwe.

"Umempaka vizuri?" jirani aliuliza. "Maikrowevu haina huruma, inamtoa kuku mweupe kama katoka kuoga. Mfute maji, mpake soya na asali, ndipo ashike rangi."

"Nimepaka, nimepaka! Na wewe ukiulizwa, sema ni sosi."

"Mimi tena? Nitaapa!"

Maikrowevu ikalia ting! Papo hapo hodi ikapigwa.

Mkaguzi hakukaa. Macho yalimtangulia mezani. Kuku alikuwa ametulia kwenye sahani, wa kahawia, anang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

"Umempika na nini?"

"Maikrowevu." Mwenye nyumba alinyoosha kidole. "Rangi ni sosi. Bakuli lile pale."

"Ni sosi!" jirani alidakia. "Nilimfundisha mimi!"

Mkaguzi akafungua maikrowevu. Ndani mlikuwa na kikombe cha maji tu, yakifuka mvuke. Sahani ya kioo ilikuwa safi, haina hata tone la mafuta. Akarudi mezani, akavunja kipande cha ngozi ya kuku, akatafuna. Kilivyolia kacha, kilisikika mpaka nje. Jirani akajitoa dirishani polepole, kama hakuwepo.

"Sosi haiifanyi ngozi ilie hivi." Mkaguzi akasita, akanusa. "Na hii harufu?"

"Ya kuku."

"Kuku yuko hapa. Harufu inatoka chumbani."

Mwenye nyumba alitaka kumzuia mlangoni, lakini magoti yake hayakuwa tena ya kukimbizana na mtu. Alipofika, pazia lilikuwa limeshavutwa. Nyuma yake, sakafuni, jiko dogo la gesi lilikuwa linawaka, na upindo wa pazia ulikuwa umeshika rangi ileile ya kuku.

Mkaguzi alipiga magoti, akalizima, mikono ikimtetemeka kuliko ya mama yake.

"Nilizima, mwanangu," mama alisema kwa sauti ndogo. "Nakumbuka kabisa nilizima."