Kufuli la Kijani

"Saba, tisa, B, sifuri."

"Sawa."

"F, mbili, mbili, A."

"Sawa, Enos, endelea, sawa!"

Enos alikuwa Bunda, kwenye chumba cha seva. Raya alikuwa ofisini Musoma, simu kaibana kati ya sikio na bega, laptop mbele yake. Na macho? Macho yalikuwa mlangoni. Bosi Stanislausi alikuwa anapita kila saa kuuliza ripoti imefunguka au bado.

Shirika lao linahudumia watu wanaotumia ARV, kuanzia Bunda mpaka Butiama. Majina yote yanakaaga kwenye seva ya Bunda, ripoti zinatengenezwa Musoma, na hapo katikati ni intaneti, barabara ya kila mtu. Ndiyo maana Enos alitengeneza njia ya siri. Cheti cha kuitambulisha seva akakitengeneza na kukisaini mwenyewe. Laptop ya Raya ikagoma: huyu aliyesaini simjui.

Ikigoma hivyo, Enos anasoma namba za cheti chake kwenye simu, Raya anazilinganisha na zilizotokea kwenye skrini. Zikifanana, ndiyo seva yenyewe. Ikipishana hata moja, kuna mtu kakaa katikati anajifanya seva, na kila jina linalopita analisoma.

Raya hakulinganisha hata moja. Akabonyeza "Amini".

Kufuli la kijani, alama kwamba njia ni salama, likatokea juu ya skrini, ripoti ikafunguka. Jamani, aliruka na kiti! Tangu aajiriwe, wanaume wa ofisi walikuwa wanamwitaga fundi YouTube, eti kila kitu kajifunzia kwenye simu. Akalipiga picha lile kufuli, akaliweka status: "Fundi YouTube kafunga kufuli." Mioyo ikamiminika. Shangazi yake wa Bweri, ambaye seva hajui hata inaliwa na nini, aliandika Mashallah. Wale aliosoma nao Butiama wakaandika, tunajivunia wewe.

Siku chache baadaye mama mmoja akaingia ofisini. Anaitwa Adventina, fundi cherehani wa Butiama, mwimbaji wa kwaya. Hakupiga kelele. Alikaa, akaweka mkoba mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani katoa jina langu?"

Raya akamwangalia.

"Kwaya nzima inajua natumia dawa. Wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao, hata ambavyo sijakata. Jana mmoja kakishika kitambaa chake kwa mfuko, kama amebeba panya." Akaukaza mkoba. "Ndugu zangu wenyewe hawajuagi. Nyie tu ndiyo niliwaambia."

Bosi Stanislausi akaja, akaahidi uchunguzi. Akamgeukia Raya: "Hakikisha kila kitu." Raya akaitikia, "Sawa, bosi." Neno lenyewe likamchoma mdomoni.

Kuanzia hapo chakula kikawa hakipiti. Akisikia cherehani inalia dirishani mwa mtu, anavuka barabara. Simu ikiita, anasikia namba: saba, tisa, B. Sawa, sawa, sawa. Aliona kabisa, kuna mtu kajibanza pale katikati, yeye mwenyewe kamfungulia mlango na kumkaribisha.

Jumamosi akashindwa. Akabeba laptop, akapanda basi la Bunda.

Alimkuta Enos anakunywa chai nje ya chumba cha seva.

"Enos, yule mama wa Butiama, mimi ndiye nimemmaliza."

"Umemfanya nini tena?"

"Siku ile unanisomea namba sikuwa naangalia. Nilikuwa naitikia tu, kama watu wanavyoitikiaga amina."

Enos akaweka kikombe chini. "We Raya! Yaani nilivyokausha koo lote lile?" Alitaka kucheka, akaona macho ya mwenzake, akaacha. "Lete hiyo laptop."

Wakaanza upya, na cheti kile kile laptop ilichokitunza. Enos anasoma, Raya kidole kwenye skrini, herufi moja moja. Saba. Tisa. B. Sifuri. Wakafika mwisho. Zote zilifanana.

"Rudia," Raya akasema.

Wakarudia. Zilifanana. Enos akafungua na kumbukumbu za seva, akamwonyesha: aliyeingia ni laptop yake tu, hakuna mwingine.

"Umefanya uzembe, dada, na usirudie. Ila njia yako ni safi. Jina la yule mama halijavujia huku."

Raya akalia. Alilia mpaka Enos akaona aibu, akaenda kumnunulia sato wa kukaanga. Na sato akapita! Alikula mpaka kichwa, akalamba vidole. Njaa ya siku zote zile ilikuwa imemrudia kwa pamoja.

Alipomaliza ndipo hasira ikampanda. Kama siyo yeye, ni nani basi? Mtu gani ana roho ngumu hivyo, anachukua siri ya mama wa watu, anaimwaga mbele ya kwaya, halafu anaenda kwake anakula na kulala?

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Adventina.

"Mwanangu, binti yangu kaipata hiyo picha iliyozunguka kwenye grupu la kwaya. Nisaidie kumjua aliyeipiga. Nakutumia wewe, maana ndiwe ninayekuamini."

Raya akafuta vidole kwenye kitenge, akaibonyeza. Mtandao ulikuwa mzito, picha ikafunguka kidogo kidogo kuanzia juu.

Kwanza likatokea kufuli la kijani. Halafu maneno: "Fundi YouTube kafunga kufuli." Halafu, chini ya kufuli, majina.